Mahame ya Slievemore

Mbele yako, chini ya mlima Slievemore katika kisiwa cha Achill, magharibi mwa Ayalandi, kuna magofu ya nyumba 80 hadi 100 hivi, zilizofuatana kando ya njia moja. Kuta ni mawe matupu, bila chokaa. Ingia yoyote: chumba kimoja tu, tena hakikuwa cha watu peke yao. Katika baadhi ya kuta utaona pete. Hapo ng'ombe alifungwa usiku, na joto lake halikuwa la kudharauliwa.

Mistari iliyo mteremkoni ni matuta ya viazi. Wakulima waliyarutubisha kwa mwani walioubeba kutoka ufukweni, kazi ya kuvunja mgongo. Viazi vilipoanza kuoza mashambani mwaka 1845, njaa kuu iliingia. Wengine walihama nchi, wengine wakasogea kijiji cha pwani cha Dooagh, karibu na samaki.

Hata hivyo moshi haukukoma huku. Hadi karne ya 20, watu wa vijiji vya pwani walipandisha mifugo kila kiangazi, wakalala humu humu, wakakamua na kusuka siagi, kisha wakashuka kabla ya baridi.

Tafadhali usipande juu ya kuta.