Ramani Tatu, Bonde Moja: Dar es Salaam na Maji Yake

Masika yakiwa mazito, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, inapovuka bonde la Mto Msimbazi, na Dar es Salaam hukatika vipande viwili. Magomeni, Ubungo na Kimara hubaki upande mmoja; Kariakoo, Posta na bandari upande wa pili. Lawama nazo hufuata njia iliyozoeleka: waliojenga bondeni ni wakaidi, wanaotupa taka mitaroni hawana ustaarabu, na jiji halina mipango. Hizo mbili za kwanza zina chembe ya ukweli, nitazirudia. Hiyo ya tatu si kweli. Dar es Salaam imepangwa tangu enzi za Wajerumani, na kati ya 1949 na 1979 peke yake ilichorewa ramani kuu tatu. Kasoro iko kwenye utaratibu wenyewe wa kupanga. Kwa zaidi ya miaka mia moja, waliopanga jiji hili walianza na nyumba na barabara, maji ya mvua wakayaachia mahali palipobaki. Bonde la Msimbazi, lililopaswa kuwa la kwanza kuchorwa, likawa la mwisho kufikiriwa.

Mwanzo wa tabia hiyo unaonekana katika kanuni za ujenzi za Wajerumani za 1891, zilizogawa mji katika maeneo kwa kufuata aina ya nyumba iliyoruhusiwa kujengwa. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliendeleza mgawanyo huo kwa maeneo matatu. La kwanza lilikuwa la nyumba za Kizungu upande wa bahari, lenye bustani na mifereji. La pili lilikuwa la maduka na makazi ya Wahindi. La tatu lilikuwa la Waafrika, na Kariakoo ndiyo ikawa kitovu chake, ikibeba jina la kikosi cha wapagazi wa vita vile. Kati ya Kariakoo na katikati ya mji paliachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, kwa hoja ya kuzuia maradhi yasivuke. Ukiitazama Kariakoo kwenye ramani utaona mitaa imenyooka, viwanja vimepimwa kwa kamba, hakuna aliyejenga kiholela. Kupimwa kwake hakukuleta mifereji ya kulingana na ile ya ufukweni. Tangu hapo palikuwa na miji miwili kwa habari ya maji machafu na maji ya mvua: mmoja uliojengewa njia za kuyatoa, mwingine ulioachiwa mchanga uyanywe.

Ramani kuu ya kwanza, ya 1949, ilitayarishwa na kampuni ya Uingereza ya Sir Alexander Gibb. Ilifanya jambo ambalo kwa macho ya leo lingeweza kusifiwa: iliyaacha mabonde bila nyumba. Sababu ndiyo inayotia shaka. Mabonde yalihesabiwa kuwa njia za upepo wa bahari, na papo hapo yakatumika kama mipaka ya kutenganisha mitaa ya watu wa hali tofauti, ambayo wakati ule ilikuwa ni kusema watu wa rangi tofauti. Mto ulilindwa kwa kuwa ulitenga watu. Uhuru ulipokuja 1961 na ubaguzi ule ukaondolewa, sababu ya kulilinda bonde ikaondoka nao, na hakuna aliyeweka nyingine mahali pake kwa uzito uleule. Ramani ya pili, ya 1968, na ya tatu, ya 1979, zote zilichorwa na kampuni za Kanada. Ya mwisho iliyahesabu mabonde ya mito kuwa ardhi ya hatari isiyofaa makazi. Maneno hayo yalikuwa sahihi kabisa, ila ardhi iliyopewa jina la hatari bila kupewa mlinzi, matumizi wala bajeti ni ardhi ya bure, na katika jiji linalofurika watu ardhi ya bure haikai mwaka.

Watu walikuwa wakija kweli. Sensa ya 1967 iliwakuta wakazi wapatao 270,000. Ya 1978 ikawakuta zaidi ya 840,000. Jibu la kwanza la serikali huru lilikuwa Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962, ambalo lilibomoa vibanda vya udongo na makuti katika mitaa ya zamani na kujenga nyumba za matofali palepale. Kazi ilikuwa nzuri, lakini hesabu yake haikukubali: fedha nyingi zilikwenda kuziondoa nyumba zilizokuwa na watu tayari, na nyumba zilizoongezeka kwa hesabu halisi zilikuwa chache. Mwaka 1972 sera ikageuzwa. Badala ya kujenga nyumba, serikali ingepima viwanja, itengeneze barabara, mabomba na mitaro, kisha mwananchi ajijengee. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia mpango huo ulianza katikati ya miaka ya 1970. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa viwanja vipya. Manzese, Mtoni na Tandika, ambako watu walikuwa wameshajaa, zikaboreshwa kwa kupitisha barabara, maji na mitaro katikati ya nyumba zilizokuwapo.

Hapa ndipo ushahidi wa hoja yangu ulipo, kwa kuwa jiji lilifanya kazi kwa njia mbili katika miaka ileile, kwa fedha za mradi uleule. Pembeni mwa barabara za Sinza mitaro ilipata nafasi yake kabla ya ukuta wa kwanza kusimama. Leo Sinza imebanana, vyumba vya biashara vimeota mbele ya kila nyumba na mitaro mingi imezibwa kwa zege ili gari lipande baraza. Hata hivyo nafasi ipo, inaweza kufukuliwa. Manzese ilitangulia kukua kwa kuifuata Barabara ya Morogoro. Barabara ilileta watu, watu wakajenga, na mtaro ulipokuja ilibidi upite penye upenyo, ukikata kona nyuma ya vyoo na chini ya vizingiti. Kupitisha barabara au mfereji mahali kama pale maana yake ni kubomoa nyumba ya mtu, na kubomoa ni ghali kuliko kuchimba. Nisiifanye Sinza kuwa pepo. Viwanja vyake vililengwa kwa wenye kipato cha chini, na vingi viliishia mikononi mwa watumishi na wenye nafasi, jambo lililowarudisha maskini kule mabondeni. Lakini hilo ni kosa la ugawaji, na halipunguzi ubora wa kutanguliza mfereji.

Kuna jambo lingine la miaka ile lisilozungumzwa vya kutosha. Mwaka 1972, kwa sera ya madaraka mikoani, halmashauri za miji zilivunjwa na kazi zake zikapelekwa kwa ofisi za mikoa na wilaya zilizokuwa zimeelekezwa zaidi vijijini. Mitaro haikuwa na mwenyewe. Uzoaji taka ulidorora, mifereji ikajaa mchanga, na kipindupindu kilizuka nchini katika nusu ya pili ya muongo huo. Halmashauri zilirudishwa 1978, lakini jiji lilirudi likiwa na watu mara tatu ya wale wa mwaka 1967, na mafundi na vifaa vya kuhesabika. Mfereji unataka mtu wa kuuzibua kila mwaka kabla ya mvua. Ukikosa miaka sita, umerudi kuwa ardhi.

Sasa nije kwenye pingamizi. La kwanza husema wakazi wa bondeni wanajitakia: wameonywa, wamepewa viwanja kwingine, wamerudi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na walionusurika wa mabondeni walipelekwa Mabwepande. Kipo kweli kisa cha waliouza viwanja vile na kurejea. Desemba 2015 bomoabomoa ilifika tena, nyumba zikachorwa X nyekundu ukutani, greda likafuata. Anayelaumu wakazi ajibu kwanza maswali haya: nani alivuta umeme hadi nyumba zile? Nani alikusanya kodi ya majengo? Nani alihesabu kura kwenye serikali za mitaa yao? Mkazi anayeona nguzo ya umeme mlangoni pake ana haki ya kuamini kwamba dola imemkubali. Mabwepande nayo ipo zaidi ya kilomita 20 kutoka Kariakoo. Mama anayeuza samaki wa kukaanga Magomeni, aliyekuwa akitembea hadi soko la samaki la Feri alfajiri, huko hana wateja, hana nauli na hana samaki. Kiwanja bila usafiri ni adhabu, na aliyepanga makazi yale hakukaa meza moja na anayepanga mabasi.

Wala sikatai kwamba wakazi wana sehemu yao. Katika mitaa yenye maji ya chini yaliyo karibu, choo cha shimo hujaa upesi na gari la kunyonya halipiti uchochoroni. Mvua ikikolea, wengine hutoboa ukuta wa shimo na uchafu ukachukuliwa na maji hadi kwa jirani. Watu wa mjini huita hilo kutapisha choo. Ni kitendo kiovu, na anayekunywa maji ya kisima upande wa chini ndiye anayelipa. Ila chimbuko lake ni lilelile: mtaa uliojengwa bila njia ya gari na bila njia ya maji hauna pa kupeleka uchafu wake, hata wakazi wake wote wakiwa waungwana.

Pingamizi la pili ni fedha. Nchi maskini, husemwa, haiwezi kuchimba mifereji kwenye mashamba matupu kwa kungojea watu. Hanna Nassif inajibu. Mtaa huo wa Kinondoni, ulio ukingoni mwa bonde la Msimbazi, ulikuwa ukijaa maji kila msimu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 wakazi wake, wakisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani na wataalamu wa jiji, walichimba na kujengea mitaro kwa mikono yao, wengi wao wanawake, wakilipwa ujira kwa kazi hiyo. Mafuriko yakapungua. Kama mtaa uliokwisha kubanana uliweza, shamba tupu halina udhuru. Linganisha na mradi wa viwanja 20,000 ulioanzishwa 2002, uliopima Mbweni, Bunju, Kibada, Toangoma, Buyuni na kwingineko. Wanunuzi walilipia viwanja, na fedha zilizotangulizwa na serikali zikarudi. Fedha zilikuwapo basi. Kilichokosekana ni barabara zilizokamilika, maji na mitaro, na matokeo ni kwamba watu walipata hati safi juu ya viwanja visivyofikika wakati wa mvua. Kupima mipaka kulionekana kuwa ndiko kupanga.

La tatu ni kwamba mvua imebadilika. Zile za 2011 zilitajwa kuwa nzito kuliko zote tangu uhuru, na hali ya hewa haitarudi ilivyokuwa. Nakubali. Lakini Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe na kumwaga baharini penye Daraja la Salenda, na njiani kote ardhi iliyokuwa ikinywa mvua imefunikwa na mabati, zege na lami. Tone lililokuwa likichukua siku kufika Jangwani sasa linafika kwa saa chache, likiburuta mchanga unaoinua kitanda cha mto. Mvua ikiwa kubwa zaidi, ndivyo lilivyo kosa zaidi kuendelea kupanga makazi ya juu bila kuuliza maji yake yatashukia wapi.

Ushahidi mkubwa kuliko wote umejengwa na serikali yenyewe. Mabasi ya mwendo kasi yalianza 2016 yakipita Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kivukoni. Ni huduma iliyobadilisha maisha ya wasafiri walioteseka kwa miongo, tangu shirika la mabasi la UDA lilipodhoofika na daladala kuruhusiwa 1983. Karakana yake kuu iliwekwa Jangwani, katikati ya uwanda wa mafuriko, kwenye ardhi iliyokwisha kuitwa ya hatari miaka mingi kabla. Maji yalipojaa, mabasi yakazama yakiwa yameegeshwa. Mkazi wa Suna, mtaa wa bondeni, aliyebomolewa 2015 kwa hoja kwamba bonde si mahali pa kujenga aliweza kuiona karakana ile kwa macho yake. Hapana shaka waliochagua eneo lile walikuwa na sababu: lilikuwa wazi, lilikuwa karibu, halikuhitaji kulipa fidia nyingi. Ndizo sababu zilezile za mkazi wa Suna.

Mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi, ulioidhinishiwa mkopo wa dola milioni 200 na Benki ya Dunia mwaka 2022, unabadilisha mpangilio huo. Mpango wake ni kupanua mto, kujenga daraja la juu Jangwani, kuhamisha karakana, na safari hii kuwalipa fidia walio bondeni. Ni hatua ya haki, na imechelewa. Hofu yangu iko Chanika, Kivule, Chamazi na Kigamboni, ambako sensa ya 2022, iliyohesabu watu zaidi ya milioni 5.3 mkoani, ilikuta jiji likikua kwa kasi. Kila barabara inayowekwa lami huko hufuatwa na madalali wa viwanja ndani ya miezi. Mabonde ya mito ya Mzinga na Kizinga bado yana nafasi ambazo Msimbazi umezipoteza. Madiwani na wenyeviti wa mitaa ya huko waipinge ramani yoyote ya upimaji isiyoonyesha njia ya maji hadi mtoni, na waipinge barabara isiyo na mtaro na kalavati za kutosha. Wananchi wanaonunua viwanja nao waidai ramani hiyo kabla hawajatoa hela.