Amani ya Vitisho: Siku Kumi na Tatu za Oktoba 1962

Wahenga walisema: Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga kimoja kikiachwa peke yake huzimika upesi. Vikikutana viwili, mwali hutokea.

Tufikiri majirani wawili wasiopendana. Nyumba zao ni za nyasi, nazo zimepakana. Kila mmoja anakesha mlangoni, ameshika kinga mkononi, akimwambia mwenziwe: «Ukiichoma yangu, nami nitaichoma yako.» Usiku unapita, wala hakuna nyumba iliyoungua. Asubuhi wanasema: «Mnaona? Vinga vyetu vimetuletea amani.» Je, tukubali neno hilo?

Ndivyo mataifa makubwa yalivyokaa tangu mwaka 1949, Warusi walipojaribu bomu lao la kwanza la atomiki, miaka minne baada ya Marekani. Wenye kuitetea hali hiyo wana hoja, nasi yafaa tuisikilize kwa haki. Wasema: tangu Agosti 1945 hakuna taifa lililotupa bomu la namna hiyo vitani, Marekani na Urusi zilichukiana sana, lakini hazikupigana vita vya wazi ana kwa ana, hofu imewafunga mikono. Hoja hii si ya kuchekwa. Lakini ili kuipima, tutazame siku zile ambazo vinga vilikaribiana kuliko siku nyingine zote.

Jiwe kutoka Katanga

Kwanza tukumbuke kwamba jambo hili si la Wazungu peke yao. Karibu na Likasi, katika Katanga, kuna mahali paitwapo Shinkolobwe. Hapo chama cha Union Minière kilichimba mawe yenye urani nyingi kupita migodi mingine iliyojulikana wakati ule. Mwaka 1940 mkuu wa chama hicho, Edgar Sengier, alipeleka New York tani 1,200 hivi za mawe hayo, yasije yakaangukia mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kutengeneza mabomu ya kwanza ilitoka katika udongo wetu, ikachimbwa kwa mikono ya watu wasioambiwa yatafanya kazi gani.

Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la urani liliangushwa juu ya mji wa Hiroshima. Siku tatu baadaye likafuata la pili juu ya Nagasaki, karibu na kanisa kuu la Urakami, katika mtaa wa Wakristu wengi kuliko mahali pengine po pote pa Japani. Waamini walikuwa kanisani wakingoja kuungama, kwa kuwa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria ilikuwa imekaribia. Walikufa pamoja na mapadri wao wawili. Hesabu zinazokubaliwa na wengi zasema kwamba hata mwisho wa mwaka ule watu 140,000 hivi walikuwa wamekufa Hiroshima, na 70,000 hivi Nagasaki.

Makombora kisiwani

Sasa twende Kuba. Kisiwa hicho kiko kilometa 150 tu kutoka pwani ya Marekani. Mwaka 1961 watu waliosaidiwa na Marekani walijaribu kumpindua Fidel Castro, wakashindwa. Wakati huohuo Marekani iliweka makombora 15 ya atomiki katika Uturuki, jirani ya Urusi. Basi Nikita Khrushchev, mkuu wa Warusi, akawaza: nami nitawaonjesha hofu wanayotuonjesha. Akapeleka makombora Kuba kwa siri.

Tarehe 14 Oktoba 1962 ndege ya Marekani ilipiga picha kutoka juu sana, na siri ikafunuka. Tarehe 16 rais John Kennedy akaonyeshwa picha hizo. Hapo zilianza siku kumi na tatu.

Majemadari wengi walimshauri apige mara moja kwa ndege, kisha aingize askari kisiwani. Kennedy alikawia. Tarehe 22 alitangaza kwa redio na televisheni kwamba manowari zake zitazuia merikebu zote zipelekazo silaha Kuba. Tarehe 24 merikebu kadhaa za Warusi zilisimama au kugeuka njiani.

Tuseme sasa jambo ambalo washauri wale hawakulijua. Walidhani askari wa Kirusi kisiwani ni elfu kumi hivi; kumbe walikuwa zaidi ya 40,000. Tena walikuwa na silaha ndogo za atomiki za kupigia jeshi lishukalo pwani. Habari hiyo Wamarekani waliisikia mwaka 1992, miaka thelathini baadaye. Kama shauri la majemadari lingalifuatwa, yamkini askari wao wangalipigwa kwa silaha hizo, na baada ya hapo nani angaliweza kuuzuia moto?

Jumamosi ya hatari

Siku iliyo mbaya kupita zote ilikuwa Jumamosi tarehe 27. Asubuhi ile ndege ya Marekani ilitunguliwa juu ya Kuba, na rubani wake akafa. Amri haikutoka Moscow; wakubwa wa Kirusi waliokuwa kisiwani waliamua wenyewe. Siku hiyohiyo ndege nyingine ya Marekani ilipotea njia kaskazini, ikaingia katika anga la Urusi bila mtu kukusudia.

Tena baharini kulikuwa na nyambizi ya Kirusi, iitwayo B-59, iliyochukua torpido moja ya atomiki. Manowari za Marekani ziliangusha baruti ndogo majini ili kuilazimisha ipande juu. Hazikujua ilichobeba. Ndani yake joto lilikuwa kali, hewa ilikuwa mbaya, na habari kutoka Moscow zilikuwa zimekatika. Kama walivyosimulia baadaye waliokuwamo, kapiteni alidhani vita vimekwisha kuanza, akaagiza torpido ile itayarishwe. Afisa mwenziwe, Vasili Arkhipov, hakukubali. Alimtuliza mpaka hasira ikashuka, na nyambizi ikapanda juu bila kupiga. Jina la mtu huyu ulimwengu haukulisikia kwa miaka mingi.

Tuangalie vizuri: siku ile hofu ilikuwapo kwa wingi pande zote mbili, lakini haikuizuia ndege kutunguliwa, wala haikumfanya kapiteni yule awe mtulivu. Hofu ndiyo iliyomsukuma. Aliyezuia ni mtu mwenye akili timamu na moyo wa kusema hapana.

Kulegeza kamba

Tarehe 26 Khrushchev alimwandikia Kennedy barua ndefu. Humo alifananisha vita na fundo katika kamba: kila upande ukizidi kuvuta, fundo litakaza hata asiweze kulifungua yule aliyelifunga. Kennedy naye, ndege yake ilipotunguliwa, alikataa kulipiza kisasi mara moja, ingawa shauri hilo lilikuwa limekwisha kufikiriwa. Jumamosi jioni alimtuma ndugu yake Robert kwa balozi wa Kirusi. Wakapatana: Warusi wataondoa makombora Kuba, Marekani itaahidi kutokiingilia kisiwa, na kwa siri, makombora ya Uturuki yataondolewa pia. Tarehe 28 Khrushchev alitangaza kwa redio kwamba amekubali.

Hata hivyo Castro mwenyewe, ambaye nchi yake ingaliangamia kwanza, hakuulizwa. Sisi Waafrika twajua maana yake: tembo wakipigana nyasi huumia, na wakipatana, nyasi haziitwi barazani.

Wakati huo Roma haikunyamaza. Papa Yohane XXIII alikuwa ameufungua Mtaguso wa Vatikano tarehe 11 Oktoba. Tarehe 25 alisema kwa Radio Vatikano, akiwasihi watawala wa pande zote mbili wasikilize kilio cha watu wasio na hatia, wakubali kuzungumza. Kesho yake Pravda, gazeti la wakomunisti wa Moscow, lilichapa habari ya maneno hayo, jambo lisilo la kawaida kabisa. Hatudai kwamba Papa peke yake aliamua mambo. Ila alifungua mlango ambao mwenye kiburi aliweza kuupita bila kuona haya.

Tarehe 11 Aprili 1963, miezi miwili tu kabla ya kufa, alitoa barua yake Pacem in Terris, akiiandikia jamii yote ya watu wenye mapenzi mema. Alifundisha kwamba amani ya kweli haisimami juu ya silaha zilizo sawasawa, bali juu ya kuaminiana. Mwaka huohuo Moscow na Washington ziliunganishwa kwa njia ya pekee ya kupelekeana habari upesi, na mwezi wa Agosti Marekani, Urusi na Uingereza zikatia sahihi mkataba wa kutojaribu mabomu hewani, baharini wala katika anga za juu.

Tupime nini?

Basi turudi kwa majirani wetu. Nyumba hazikuungua, ni kweli. Lakini wajibu wetu ni kuuliza kwa nini. Mwaka 1962 zilipona kwa sababu watu wachache hawakufanya yale ambayo vitisho vyenyewe viliwadai wafanye: rais aliyekawia, mkuu wa nchi aliyekubali kurudi nyuma, afisa aliyepinga amri. Mwenye kujenga juu ya hofu anategemea kwamba watu wa namna hiyo watakuwapo kila mara, mahali panapotakiwa, saa inayotakiwa. Nani awezaye kuahidi hivyo?

Hata leo mataifa tisa yana silaha hizo, jumla yake 12,000 hivi. Afrika imechagua njia nyingine: mkataba wa Pelindaba, uliotiwa sahihi Cairo mwaka 1996 na kuanza nguvu mwaka 2009, unakataza silaha za atomiki katika bara letu zima. Na Papa Fransisko, alipofika Hiroshima mwezi wa Novemba 2019, alisema wazi kwamba si kuzitumia tu, bali hata kuwa nazo ni kinyume cha maadili.

Wengine watauliza: mkulima wa Katanga au mama wa sokoni afanye nini na mambo ya Washington na Moscow? Ajue kwamba mawazo yaleyale yanaishi kijijini. Tunasema: kabila jirani wana bunduki, na sisi tuwe nazo, ndipo watatuheshimu. Twaona bunduki zikiongezeka, na usingizi ukipungua. Anayekwenda kwanza kuzungumza na jirani wakati wengine wanahesabu risasi, watu humwita mwoga. Huyo ndiye anayezilinda nyumba za nyasi.