PAKA HASHIBI KWA WALI: HISTORIA YA NYAMA MBICHI, KUTOKA PANYA WA GHALANI MPAKA MABAKI YA BUCHA

Wahenga walisema, paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Siku hizi methali hii inatumika zaidi kumsema mtu asiyeacha tabia yake. Lakini ichukue kama ilivyo, utaona ni somo kamili la lishe. Wazungu wamekuja kulithibitisha maabara karne ya 20, tena baada ya kuua paka wengi tu.

Kwenye kaya nyingi za Ilembo, pale Manispaa ya Mpanda, paka hafugwi ili apigwe picha za kupost. Yupo kazini. Katavi ni mkoa wa mahindi, na palipo na magunia ya mahindi panya hakosi. Mshahara wa paka ni ugali uliobaki, kichwa cha dagaa, na siku baba akipitia bucha, kipande cha pafu au utumbo anaotupiwa mbichi vilevile. Swali ni moja: hiyo nyama mbichi inamjenga au inamuua? Na je, mama mjamzito na watoto waliomo humo ndani wako salama?

Kujibu hilo inabidi kurudi nyuma kidogo.

MKATABA WA KWANZA

Paka wa nyumbani wote duniani, hata yule wa kizungu mwenye manyoya kama kapeti, wametokana na kimburu, yaani paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati. Ukoo wa kimburu upo Tanzania mpaka leo. Paka walianza kusogelea watu kama miaka 10,000 iliyopita, wakulima wa Mashariki ya Kati walipoanza kuweka nafaka ghalani. Nafaka ikavuta panya, panya wakavuta paka. Kule Cyprus waliwahi kufukua kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita, mtu kalazwa na paka wake pembeni.

Kwa hiyo paka hakuwahi kulishwa na binadamu. Alijilisha. Na panya mzima ni mlo uliokamilika: nyama, moyo, ini, mifupa laini, damu, vyote vikiwa vya moto, vya dakika hiyohiyo. Kumbuka hilo neno "dakika hiyohiyo", litarudi mbele.

PAKA 900 WA CALIFORNIA

Mwaka 1932 daktari mmoja wa California, Marekani, alianza jaribio lililodumu miaka kumi na kuhusisha paka takriban 900. Kundi moja alilipa nyama mbichi na maziwa mabichi, jingine nyama iliyopikwa. Wale wa mbichi walinawiri. Wale wa kupikwa walidhoofika, na vizazi vilivyofuata vikawa na mifupa mibovu na shida ya kuzaa.

Mpaka leo mtu akitetea chakula kibichi, jaribio hilo ndilo silaha yake. Ila kuna kitu daktari yule hakukijua, na wakati ule hakuna aliyekijua.

Jibu lilikuja 1975, watafiti walipogundua kwamba paka asiyepata kitu kinaitwa taurini anapofuka macho taratibu. Mwaka 1987 wengine wa California wakaonyesha kwamba upungufu huohuo unapanua moyo wa paka mpaka unashindwa kusukuma damu. Mbwa anaweza kujitengenezea taurini mwilini. Paka hawezi kutengeneza ya kutosha, lazima aile, na inapatikana kwenye nyama, hasa moyo, na kwenye samaki. Kwenye ugali haipo. Kwenye wali haipo. Umeona wahenga?

Sasa ujanja uko hapa. Taurini inayeyuka kwenye maji. Ukichemsha nyama kisha ukamwaga supu, nayo umeimwaga. Kumbe tatizo la kupika halikuwa moto peke yake, na dawa yake haikuwa lazima nyama mbichi. Viwanda vya chakula cha paka vilipoongeza taurini baada ya 1987, ule ugonjwa wa moyo ulipungua sana.

UPANDE WA PILI WA BUCHA

Hapo nyama mbichi ilikuwa inaongoza. Sasa sikia habari nyingine.

Mwaka 1908, watafiti waliokuwa Tunis waligundua kimelea kidogo sana ndani ya mnyama wa kule wa jamii ya panya. Wakakiita toksoplasma. Ilichukua miaka zaidi ya 60, mpaka karibu 1970, kujulikana kwamba kimelea hicho hukamilisha uzazi wake ndani ya utumbo wa jamii ya paka tu. Paka hukipata kwa kula panya au nyama mbichi, kisha kwa wiki moja hadi tatu hivi anatoa mayai yake kwenye kinyesi. Mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa na madhara ya macho au ubongo.

Mwaka 2004 nchini Thailand, chui milia wa bustani moja ya wanyama walilishwa kuku wabichi waliokuwa na mafua ya ndege. Kati ya 441, waliokufa au kuuawa kuzuia maambukizi walikuwa 147. Mwaka 2019 Uingereza ikaripoti paka wa ndani, wasiotoka nje, waliopata kifua kikuu cha ng'ombe, na kidole kikaelekezwa kwenye chakula kibichi cha dukani. Desemba 2024 kule Oregon, Marekani, paka mwingine akafa kwa mafua ya ndege baada ya kula chakula kibichi cha bata mzinga.

Hapo ndipo lile neno linarudi. Panya anayekamatwa usiku analiwa dakika hiyohiyo. Pafu lililoshinda juani kwenye meza ya bucha, likapita mikono mitatu na nzi mia, si mlo uleule hata kama vyote vinaitwa vibichi. Na hata panya mwenyewe leo si yule wa zamani. Nyumba ya jirani ikitega sumu, paka wako akala panya aliyelewa, anaondoka naye.

SASA AFANYE NINI MTU WA ILEMBO?

Historia inawapa haki wote wawili nusunusu. Wa mbichi wako sahihi kwamba paka ni mla nyama, na ugali mtupu unamuua polepole. Wa kupika wako sahihi kwamba nyama mbichi ya leo inabeba wageni wengi. Njia ya katikati haina gharama:

Chemsha mabaki ya bucha mpaka yaive, kisha mpe na supu yake, bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa paka.

Ukipata moyo, usimnyime. Ini liwe kidogo, si kila siku, kwa sababu vitamini A ikizidi inamkakamaza uti wa mgongo.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wazuri, ila waoshe mchanga na chumvi na uwachemshe. Aina kadhaa za samaki wabichi huharibu vitamini B1 mwilini mwake.

Mfupa uliopikwa usimpe, unapasuka na kuchoma utumbo.

Pafu au ini ambalo mkaguzi wa nyama amelikataa, lifukie. Halijakataliwa kwa bahati mbaya.

Na wale wanaomfukuza paka mke akishika mimba, subirini kwanza. Mayai ya toksoplasma yanahitaji siku moja hadi tano nje ndipo yaambukize. Mtu mwingine azoe kinyesi kila siku, mama anawe mikono, mchicha uoshwe, na nyama ya watu nayo iive vizuri, maana kimelea hicho kinapita hata kwenye mshikaki uliobaki mwekundu katikati.

Paka kalinda ghala miaka elfu kumi bila kudai nauli. Supu kidogo si deni kubwa.

Wewe wa kwako anakula nini? Dondosha komenti hapo chini, na kama jirani yako bado anamlisha paka ugali mkavu, mtumie hii.