Uchunguzi wa kila mwaka wa kisukari mtaani Eastleigh

Uchunguzi wa kila mwaka wa kisukari ni jumla ya vipimo anavyostahili kufanyiwa mtu mwenye kisukari angalau mara moja kwa mwaka, ajihisi mgonjwa au asijihisi, ili madhara ya ugonjwa huo kwenye macho, figo, miguu na moyo yagunduliwe mapema. Makala hii inaeleza hali ya uchunguzi huo Eastleigh, mtaa wa biashara ulio mashariki ya katikati ya jiji la Nairobi, Kenya. Kupimwa sukari ya damu ni jambo rahisi mtaani humo: hufanyika katika kituo cha afya, katika maabara binafsi na hata katika duka la dawa. Kinachokosekana mara nyingi ni vipimo vile vingine, kwa kuwa vimetawanyika katika vituo mbalimbali, hulipiwa kwa njia tofauti, na hakuna mwenye jukumu la kumwita mgonjwa mwaka unapotimia.

Vipimo vinavyohusika

Wizara ya Afya ya Kenya ilitoa mwongozo wa kitaifa wa matibabu ya kisukari mwaka 2010 na kuutoa upya mwaka 2018. Kwa jumla, mgonjwa hupaswa kupimwa kila mwaka mafuta ya damu, figo, macho na miguu, pamoja na uzito na shinikizo la damu, ambavyo huangaliwa pia katika kila hudhurio la kliniki. Huulizwa vilevile kuhusu uvutaji wa sigara.

Kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa sukari katika miezi miwili hadi mitatu iliyopita, na lengo kwa wagonjwa wengi ni chini ya asilimia 7. Hupendekezwa kila miezi mitatu hadi sita. Kipimo cha kidole hueleza hali ya saa ile tu: aliyekula ovyo kwa wiki kadhaa kisha akajizuia siku mbili kabla ya kliniki anaweza kupata namba ya kupendeza, ilhali HbA1c itamfichua.

Figo huchunguzwa kwa kutafuta protini ya albumini kwenye mkojo na kupima kreatinini kwenye damu. Albumini inaweza kuonekana miaka mingi kabla ya figo kushindwa kufanya kazi, wakati ambapo dawa za kawaida za kushusha shinikizo la damu bado zinaweza kupunguza kasi ya uharibifu.

Kwa macho, daktari hupanua mboni kwa matone na kutazama retina, au hupiga picha ya retina kwa kamera maalumu. Uchunguzi huu hauwezi kusubiri malalamiko, kwa sababu mgonjwa huendelea kuona vizuri hadi uharibifu umefika mbali. Utafiti uliofanywa Nakuru mwaka 2007 na 2008 miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi ulikuta uharibifu wa retina kwa asilimia 35.9 ya waliokuwa na kisukari.

Miguu hukaguliwa kwa kutafuta vidonda, sugu na mapigo ya mishipa, kisha hisia hupimwa kwa uzi wa nailoni wenye mkazo wa gramu 10. Mbinu iliyobuniwa katika hospitali ya Ipswich, Uingereza, haihitaji hata uzi huo. Mgonjwa hufumba macho, na mhudumu humgusa kwa wepesi, kwa ncha ya kidole, kwenye kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano cha kila mguu. Asiyehisi miguso miwili au zaidi kati ya sita huhesabiwa kuwa hatarini kupata vidonda.

Mtaa na wakazi wake

Eastleigh ulianzishwa rasmi mwaka 1921, na katika enzi za ukoloni ulikaliwa zaidi na Waasia na Wasomali. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wakimbizi wengi walihamia humo, na nyumba ya wageni ya Garissa Lodge ikageuka kuwa soko lililofungua njia kwa maduka makubwa ya leo. Mtaa huo umo katika eneo la Kamukunji, pamoja na Pumwani na California; sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 268,276 katika Kamukunji nzima. Kisomali, Kioromo na Kiswahili husikika katika foleni moja ya kliniki.

Maisha ya kibiashara huongeza uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili. Mwenye duka hukaa kitini tangu asubuhi hadi usiku, chakula ni wali au pasta, chai ya maziwa hunywewa na sukari nyingi, na miraa huteremshwa kwa soda. Tafiti za mitaa mingine ya Nairobi zinaonyesha ukubwa wa tatizo jijini: Kibera ilikutwa na kisukari kwa asilimia 5.3 ya watu wazima waliopimwa, na Korogocho na Viwandani kwa asilimia 4.8 ya wanawake na 4.0 ya wanaume.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa takriban watu wazima 88 katika kila 100 nchini Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Uchambuzi wa data hizo ulikuta kuwa asilimia 43.7 tu ya wenye kisukari walijua hali yao, asilimia 20 walikuwa kwenye matibabu, na asilimia 7 walikuwa wameidhibiti sukari yao. Kwa hiyo uchunguzi wa kila mwaka huwahusu wachache waliokwisha kuvuka kizingiti cha kwanza, yaani kujua kwamba wanao ugonjwa.

Vituo na safari ya mgonjwa

Huduma za afya Kenya zimepangwa kwa ngazi sita, kuanzia jamii hadi hospitali za kitaifa za rufaa. Eastleigh na Pumwani zina vituo vya afya vya umma vya ngazi ya chini vinavyosimamiwa na Kaunti ya Nairobi. Hospitali kubwa ya umma iliyo karibu zaidi, ile ya Pumwani, ni ya uzazi. Mgonjwa anayehitaji daktari bingwa huelekezwa Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, upande wa Embakasi, au Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, iliyo ng'ambo ya pili ya katikati ya jiji.

Kituo cha afya kinaweza kupima uzito, presha, sukari ya kidole na mkojo kwa kijiti. HbA1c, kreatinini na mafuta ya damu huhitaji maabara iliyokamilika zaidi. Picha ya retina huhitaji kamera na mtu aliyefunzwa kuisoma, na kwa kawaida hupatikana katika kitengo cha macho cha hospitali kubwa. Hivyo uchunguzi ulioandikwa katika mwongozo kama jambo moja huwa, kwa mgonjwa, safari tatu au nne kwa siku tofauti, kila moja na foleni yake. Kwa anayeishi kwa mauzo ya siku, kila safari ni duka kufungwa au kuachiwa mtu mwingine.

Eastleigh ina pia hospitali binafsi, maabara na maduka ya dawa kwa wingi. Njia hii ni ya haraka, lakini huivunja kumbukumbu ya mgonjwa vipande: anapimwa kidole duka hili, anapata HbA1c maabara ile, ananunua dawa yake ya metformini kwingine, na majibu yanabaki kwenye karatasi zilizo mikononi mwake. Wako pia wanaoletewa dawa na jamaa walio ng'ambo, ambao wanaweza kumaliza mwaka mzima bila kukutana na mhudumu yeyote. Kipimo cha miguu ndicho huachwa kwa urahisi kuliko vyote. Hakina mashine wala risiti, na humtaka mgonjwa avue viatu na soksi katika chumba chenye msongamano, jambo ambalo mwanamke aliyejisitiri huenda asikubali mbele ya mhudumu wa kiume.

Malipo na bima

Ada katika zahanati na vituo vya afya vya umma zilifutwa mwaka 2013. Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, maarufu kama SHA, ilichukua nafasi ya bima ya NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na ajira rasmi hutathminiwa uwezo wake na kutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, sharti gumu kwa mchuuzi mdogo. Huduma za msingi katika vituo vya ngazi ya chini hugharimiwa na mfuko wa pekee kwa kila aliyejisajili. Usajili, hata hivyo, hutaka hati inayotambulika, na mkimbizi ambaye hati yake imepitwa na muda hujikuta nje ya mlango.

Matumizi ya fedha za umma yameelemea mwisho wa ugonjwa kuliko mwanzo wake. Kuanzia mwaka 2015 mpango wa kukodi vifaa vya tiba ulipeleka mashine za kusafisha damu katika hospitali za kaunti zote. NHIF ililipa shilingi 9,500 kwa kila kipindi cha kusafisha damu, na SHA ikapandisha hadi shilingi 10,650. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa huhitaji angalau vipindi viwili kwa wiki, yaani zaidi ya shilingi milioni 1 kwa mwaka. Kipimo cha albumini kwenye mkojo, ambacho kingeweza kumwahi miaka mingi kabla, hugharimu sehemu ndogo sana ya kipindi kimoja.

Misukosuko ya usalama na maradhi

Kliniki ya ugonjwa wa kudumu hutegemea mazoea, na mazoea ya Eastleigh yamekatizwa mara kwa mara. Mwezi Aprili 2014 operesheni ya polisi ya Usalama Watch iliwakamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, na kuwazuilia katika uwanja wa Kasarani. Wakati kama huo, asiye na kitambulisho mkononi hupima hatari ya kupanda matatu kwenda Kenyatta kabla ya kufikiria kipimo cha macho. Mwaka 2020, kutokana na janga la korona, serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka Eastleigh kuanzia tarehe 6 Mei, na amri hiyo ikadumu takriban mwezi mmoja. Maduka ya dawa yaliruhusiwa kufanya kazi, lakini rufaa za nje ya mtaa zilikuwa ngumu.

Ramadhani na kalenda ya mgonjwa

Wakazi wengi wa Eastleigh ni Waislamu, na mfungo wa Ramadhani hugusa moja kwa moja matumizi ya dawa. Utafiti wa EPIDIAR, uliofanyika mwaka 2001 katika nchi 13 kwa watu 12,243, ulionyesha kuwa asilimia 79 ya wenye kisukari cha aina ya pili walifunga angalau siku 15. Visa vya sukari kushuka vibaya viliongezeka mara 7.5 miongoni mwao, na mara 4.7 kwa wenye aina ya kwanza.

Mwongozo wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, uliotolewa mwaka 2016 na kuboreshwa mwaka 2021, hupendekeza mgonjwa atathminiwe wiki sita hadi nane kabla ya mfungo, muda unaoangukia mwezi wa Rajabu. Katika tathmini hiyo huangaliwa HbA1c, figo, moyo na historia ya sukari kushuka, kisha mgonjwa hushauriwa kama anaweza kufunga na dozi ibadilishweje. Sehemu kubwa ya uchunguzi wa mwaka imo ndani yake. Yakiongezwa macho na miguu, uchunguzi huo unakamilika. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11 kuliko wa kawaida, kwa hiyo mgonjwa anayehudhuria kila Rajabu hapitishi miezi 12. Pia tangazo la uchunguzi wa Rajabu linaweza kutolewa msikitini bila kuhitaji orodha ya majina.

Ulinganisho na kwingineko

Nchini Uingereza, wanakoishi Wasomali wengi wenye jamaa Eastleigh, kila aliyesajiliwa na daktari kuwa na kisukari, kuanzia umri wa miaka 12, hutumiwa barua ya kuitwa kupigwa picha ya retina. Tangu mwaka 2023 walio katika hatari ndogo huitwa kila baada ya miaka miwili. Hesabu ya kitaifa huonyesha ni wagonjwa wangapi walipata vipimo vyote vinavyotakiwa. Mwaka 2014 watafiti waliripoti kuwa, kwa mara ya kwanza katika takriban miaka 50, kisukari hakikuwa tena chanzo kikuu cha upofu uliosajiliwa miongoni mwa watu wa umri wa kufanya kazi Uingereza na Wales.

Mfano mwingine umo ndani ya Kenya. Kliniki za HIV hujua ni mteja gani hajapimwa kiwango cha virusi mwaka huu, na huwa na watu wa kumfuatilia aliyepotea. Mpango wa AMPATH wa Eldoret, ulioanza na HIV mwaka 2001, ulitumia baadaye uzoefu huo kwa kisukari na shinikizo la damu magharibi mwa nchi. Tofauti ya kliniki hizi na ile ya sukari si ujuzi wa wauguzi, bali rejesta, simu na mshahara wa anayefuatilia.

Ufuatiliaji

Mwezi Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakiwa na mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari. Mpango huo umepeleka kipimo cha sukari hadi mlangoni. Haukuleta picha ya retina wala HbA1c, ingawa mguso wa vidole vya miguu ungeweza kufundishwa kwa wahudumu hao bila kununua kifaa chochote.

Mwaka 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kuwa ifikapo mwaka 2030 asilimia 80 ya wenye kisukari wawe wametambuliwa, na asilimia 80 ya waliotambuliwa wawe wamedhibiti sukari, na kiwango hichohicho kwa shinikizo la damu. Malengo hayo hayataji macho wala miguu. Kwa Kamukunji, kipimo cha utendaji kinaweza kupatikana katika rejesta ya kisukari ya kila kituo: kati ya walioandikishwa, ni wangapi wana tarehe ya macho, ya miguu na ya mkojo ndani ya miezi 12 iliyopita. Idadi ya waliopimwa sukari haiwezi kujibu swali hilo.