Noyce: skolashipu ya walimu wa hesabu na sayansi Marekani

Wadau, Noyce ni mpango wa Marekani ulioanzishwa 2002, kwa jina la Robert Noyce, mmoja wa wavumbuzi wa chipu ya kompyuta. Mwanafunzi wa hesabu au sayansi analipiwa chuo, halafu kwa kila mwaka aliolipiwa anafundisha miaka miwili kwenye shule zenye uhaba, nyingi za mijini.

Ila kumpata mwalimu siyo kumbakiza. Mwaka 2011 watafiti Richard Ingersoll na Henry May walionyesha kuwa walimu wasio wazungu, ambao wengi wako shule hizohizo za mijini, walikuwa wanaacha kazi zaidi. Kisa mshahara? Kumbe hasa ni kunyimwa sauti kwenye maamuzi ya shule na uhuru darasani. Bila kurekebisha hilo, skolashipu ni kutia maji kwenye pakacha.