Pwani yetu kwa jicho la Mmarekani



Jana jioni nilikuwa ufukweni Qurum na mwanangu. Nikamwambia jina hili la Kiarabu ni mikoko, na mikoko ipo hapa hapa. Akauliza, "Baba, Zanzibar ya zamani ilikuwaje?"

Nikakumbuka kitabu cha Mmarekani J. Ross Browne, kilichotoka New York 1846. Jina lake limetokana na picha zinazochorwa kwa sindano juu ya bamba la shaba, kisha tindikali ikala mistari. Bwana huyu alikuwa baharia wa meli ya kuvua nyangumi, akashuka Unguja, akakaa, akaiandika. Seyyid Said alikuwa na mkataba na Marekani tangu 1833, na meli yake Sultana ilishafika New York 1840.

Lakini jamani, baharia aliyeteswa melini huona kila bandari kwa uchungu wake. Kumbukumbu tunamshukuru, ila sitaki mwanangu aijue pwani yetu kupitia yeye tu. Bibi, Ijumaa nikipiga simu, mhadithie wewe mwenyewe.

Tutaonana inshallah.