Kumbukumbu za Gumzo: Swali Lililochelewa Kuulizwa

Agosti 1988, katika Chuo Kikuu cha Oulu nchini Ufini, Jarkko Oikarinen aliandika programu ya kuwawezesha watu wengi kuchati kwa wakati mmoja. Akaiita IRC. Seva yake haikutunza kitu. Ilipokea mstari wa maneno, ikausambaza kwa wote waliokuwamo kwenye chaneli, kisha ikausahau. Aliyeingia dakika tano baadaye aliwakuta wenzake wanacheka asijue kilichowachekesha.

Ila kusahau kwa seva hakukumzuia mshiriki kukumbuka. Yeyote aliweza kuiagiza kompyuta yake iandike kila kilichopita mbele yake. Ndiyo maana hadi leo tunaweza kusoma watu walivyozungumza Januari 1991 Vita vya Ghuba vilipoanza, na Agosti ya mwaka huohuo wakati wa jaribio la mapinduzi mjini Moscow. Hakuna kamati iliyokaa ikaamua mazungumzo hayo yahifadhiwe. Waliyahifadhi watu waliokuwapo, kwa hiari yao, na wenzao hawakuulizwa.

Mambo yalikwenda vivyo hivyo kwa Usenet, mtandao wa majadiliano uliotangulia IRC. Katika idara ya zuolojia ya Chuo Kikuu cha Toronto, Henry Spencer alikuwa akinakili jumbe za Usenet kwenye kanda za sumaku tangu 1981. Kufikia 1991 zilikuwa zimefika kanda 141, zenye jumbe zipatazo milioni 2. Desemba 2001 Google ilizifungua kwa umma, pamoja na jumbe nyingine nyingi ilizozipata iliponunua jalada la Deja News mapema mwaka huo. Katika hazina hiyo umo ujumbe wa Linus Torvalds wa tarehe 25 Agosti 1991, anaposema anatengeneza mfumo endeshi, ule uliokuja kuitwa Linux, kwa kujifurahisha tu. Bila watu wa aina ya Spencer, historia ya Linux ingeanza na masimulizi ya waliokumbuka vibaya.

Upande wa pili wa jambo ulikwisha kuonekana tangu 1995, Deja News ilipoanza kuziweka jumbe za Usenet mahali pa kutafutika kwa jina la mwandishi. Mtu aliyeandika utani wa kihuni akiwa mwanafunzi aliweza sasa kusomwa na anayetaka kumwajiri. Ikabuniwa dawa: mstari mmoja wa kuweka juu ya ujumbe, X-No-Archive, kuomba usihifadhiwe. Dawa hiyo ilikuwa na tundu kubwa. Mwenzako akikujibu huku amenukuu maneno yako, na yeye hakuweka mstari ule, maneno yako yaliingia jaladani kupitia mgongo wake.

Jumuiya za programu huria, wakati huo, zilikuwa zimehamia IRC kwa wingi. Rob Levin, aliyejulikana humo kwa lakabu ya lilo, alizijengea mtandao ambao baadaye uliitwa freenode. Mwongozo wa freenode uliligusa waziwazi swali la kuhifadhi maneno ya watu bila kuwauliza: watumiaji wengi hawapimi maneno yao wakidhani yatabaki milele, kwa hiyo anayetaka kuchapisha kumbukumbu afikiri kwanza, na akiendelea, aandike kwenye mada ya chaneli ili kila anayeingia aone. Kwa maoni yangu hakuna kanuni iliyotungwa baadaye iliyoizidi hiyo kwa busara, ingawa haikumlazimisha mtu.

Ili kuelewa hofu ya kumbukumbu kuchapishwa, chukua ukurasa wa kumbukumbu za IRC uusome. Kushoto kuna saa na dakika, kisha lakabu ya msemaji, kisha maneno. Katikati kuna mistari ambayo hakuna aliyeisema: fulani ameingia, fulani ametoka. Mara nyingi mstari wa kuingia ulibeba na anwani ya kompyuta ya mwenyewe. Msomaji mwenye subira, akipitia kurasa za mwezi mzima, atajua fulani hulala saa ngapi, huingilia kazini au nyumbani, na usiku gani alimfokea mwenzake. Hakuna siri iliyovuja hapo. Yote yalisemwa hadharani, lakini hadharani kwa watu thelathini waliokuwa macho.

Wengine waliona faida inazidi hofu. Ubuntu, mradi wa mfumo endeshi wa Linux, tangu ilipoanza mwaka 2004, ilichapisha kumbukumbu za chaneli zake siku kwa siku. Mantiki yake ni nyepesi: mtu wa Dar es Salaam aliyelala wakati wenzake wa Marekani wanajadili ana haki ya kuamka na kusoma kilichoamuliwa. Chaneli za IRC za Wikipedia zilishika njia ya kinyume, zikakataza kumbukumbu kuchapishwa, wakati kamusi elezo yenyewe huweka wazi kila badiliko la kila makala. Kati ya njia hizo mbili ikatokea boti, yaani programu inayojiendesha chanelini, iitwayo MeetBot: mwenyekiti anafungua kikao kwa amri, boti inaandika, kikao kinafungwa, na porojo za kabla na baada zinabaki kwa wenyewe.

Funzo gumu zaidi lilitoka Debian, mradi mwingine wa mfumo endeshi huria. Waendelezaji wake walikuwa na orodha ya barua pepe ya ndani, debian-private, na mtu aliyeandika humo aliamini anasomwa na wenzake tu. Mwaka 2005 walipiga kura kwamba mradi unaojisifia uwazi hauwezi kuficha historia yake: jumbe zifunguliwe baada ya miaka 3. Masharti yalikuwa ya kiungwana. Kikosi cha watu wa kujitolea kipitie jumbe, mwandishi apewe wiki kadhaa kutoa maoni, na akikataa ujumbe wake usichapishwe, aheshimiwe.

Kazi hiyo haikupata wa kuifanya. Fikiria uzito wake: kila ujumbe usomwe, kila mwandishi atafutwe, kila aliyenukuliwa au kutajwa aangaliwe asije akaumia, na wengine walikwisha kuondoka katika mradi au kufariki. Mwaka 2016 wanachama walipiga kura tena, wakalifuta azimio la 2005.

Tangu hapo uwanja umehama. Slack, huduma ya gumzo ya kampuni ambayo jumuiya nyingi ziliikimbilia, kwa miaka mingi iliwaonyesha wasiolipa jumbe 10,000 za mwisho tu. Mwaka 2022 ikabadili kipimo kuwa siku 90. Juni 2025 jumuiya ya programu huria ya Kubernetes iliarifiwa kwamba itashushwa kwenye mpango wa bure siku chache tu baadaye, na mazungumzo ya miaka yalikuwa hatarini kupotea, kabla kampuni haijabadili uamuzi. Kwenye Discord, huduma nyingine ya gumzo, tatizo lilikuja kwa mlango mwingine. Mwaka 2024 iligundulika tovuti iliyokuwa imekusanya jumbe za watumiaji wa Discord kwa mabilioni na kuziuza kwa yeyote mwenye fedha. Kwa hiyo jumuiya isiyoamua huamuliwa: ama na kampuni inayofuta, ama na mgeni anayenakili.

Rekodi hii ya zaidi ya miaka thelathini inanielekeza upande mmoja. Hifadhi ya wazi ni halali pale ilipotangazwa mlangoni kabla neno la kwanza halijasemwa, na kule kulikosemwa bila tangazo, maneno yabaki ya wenyewe. Kama wewe ni msimamizi wa kundi la waandishi wa programu, Nairobi au kwingineko, andika tangazo hilo leo kwenye maelezo ya kundi, kwa lugha wanayoisoma wanachama wako, na useme kumbukumbu zitakaa wapi na nani ataombwa kufuta.